Rashid al-Din: Tabibu, waziri na vitabu vya wakfu vilivyoishia mnadani

Waislamu wengi tukitajiwa Wamongoli, akili zetu huenda moja kwa moja Baghdad, mwaka 1258 (656 Hijria). Tumesikia katika hotuba na mihadhara namna Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, alivyouzingira mji ule, akamuua Khalifa al-Musta'sim na kuziangamiza maktaba. Hiyo ni historia tunayopenda kuisimulia, pengine kwa sababu inatuonyesha sisi tukiwa wenye kudhulumiwa. Yaliyofuata baada yake hatuyasimulii sana. Hatusemi kwamba haikupita miaka 40, kitukuu cha huyo huyo Hulagu akatamka shahada na kujiita Mahmud, na kwamba katika utawala wake Muislamu mmoja, tabibu kwa kazi, alianza kuandika kitabu cha historia ambacho wataalamu wengi wa leo wanakihesabu kuwa historia ya kwanza ya dunia nzima.

Mtu huyo ni Rashid al-Din Fadhlullah, mzaliwa wa Hamadan, Uajemi. Kitabu chake kinaitwa Jami' al-Tawarikh, yaani mkusanyiko wa tarikh. Maisha yake yana mengi ya kujifunza na mengine ya kutuaibisha, na ni bora yote mawili yasemwe.

Alizaliwa yapata mwaka 1247 katika familia ya Mayahudi waliokuwa watu wa elimu na tiba. Babu yake, Muwaffaq al-Dawla, alikuwa katika ngome za Maismailia milimani, pamoja na mwanafalaki mashuhuri Nasir al-Din Tusi, wakati Hulagu alipofika kuzizingira mwaka 1256. Ngome zilipoanguka, wasomi hawa wakaingia katika utumishi wa Wamongoli. Baba yake Rashid al-Din naye alikuwa mtengeneza dawa katika kasri. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ya madawa na vitabu, na alipofika umri akaajiriwa kuwa tabibu wa Abaqa, mtoto wa Hulagu aliyemrithi baba yake mwaka 1265.

Akiwa na umri wa karibu miaka 30, kwa maelezo ya wengi, alisilimu. Akawa katika madhehebu ya Imam Shafi'i, madhehebu ambayo sisi wa pwani hii tunayafahamu vyema. Watu wa zama zake walimfahamu kuwa ni Muislamu anayeswali, anayefasiri Qur'an na kuandika vitabu vya elimu ya dini, na maulamaa wengi waliweka saini zao kuthibitisha kuwa vitabu hivyo ni sahihi. Naomba msomaji aliweke hili akilini, kwa kuwa litarejea mbele kwa sura mbaya.

Kwa miaka mingi Rashid al-Din alibaki tabibu tu huku dola ikiyumba. Mwaka 1294, chini ya mtawala Gaykhatu, hazina ilikuwa tupu kwa ufujaji. Waziri wa wakati huo, Sadr al-Din Zanjani, akaleta fikra ya kuchapisha pesa za karatasi kwa mfano wa China. Pale Tabriz watu walilazimishwa kuzipokea. Maduka yakafungwa, chakula kikatoweka sokoni, fujo zikazuka, na mpango ukafutwa baada ya muda mfupi. Mwaka uliofuata Gaykhatu aliuawa na wakuu wake mwenyewe, na baada ya vurugu za miezi michache akapanda Ghazan.

Ghazan ndiye yule aliyesilimu mwaka 1295. Mwaka 1298 alimuua Zanjani na uwaziri ukawekwa mikononi mwa watu wawili: Sa'd al-Din Savaji na Rashid al-Din. Huu utaratibu wa mawaziri wawili ulikuwa na hatari yake, maana kila mmoja anamchunga mwenzake, na anayeshindwa hapumziki nyumbani, anakatwa kichwa. Hata hivyo kazi kubwa ilifanyika katika miaka michache ile. Kodi za wakulima, ambazo zilikuwa zikikusanywa mara kadhaa kwa mwaka na kila mwenye farasi na upanga, ziliwekewa viwango na nyakati maalum na kuandikwa. Mizani na vipimo vikalinganishwa nchi nzima. Sarafu ya fedha ikawa na uzito mmoja. Ardhi iliyoachwa mahame kwa vita ikatolewa kwa masharti nafuu kwa atakayeilima. Mengi ya haya tunayajua kutoka katika kitabu cha Rashid al-Din mwenyewe, kwa hiyo msomaji ana haki ya kukumbuka kuwa mwenye kusifu ndiye aliyekuwa waziri.

Ghazan alikuwa na wasiwasi mmoja. Aliona Wamongoli wenzake, sasa wamekuwa Waislamu na wanaoa Waajemi, wanasahau asili yao. Akamwamuru waziri wake aandike tarikh ya Wamongoli na Waturuki, makabila yao, nasaba zao na ushindi wao, tangu mwanzo. Wamongoli walikuwa na kumbukumbu zao za siri zilizohifadhiwa katika hazina ya ukoo wa Genghis Khan, ambazo mtu wa nje haruhusiwi kuziona. Rashid al-Din alizipata habari zake kwa njia ya mtu aliyeitwa Bolad, mjumbe mkuu aliyetumwa kutoka kwa Kublai Khan huko China na kubaki Uajemi, aliyekuwa bingwa wa nasaba na desturi za Wamongoli. Ghazan naye alizijua hadithi nyingi za wazee wake na alikuwa akimsimulia.

Ghazan alifariki mwaka 1304 kabla kitabu hakijakamilika. Nduguye Öljeitü, aliyejulikana kwa Waislamu kwa jina la Muhammad Khudabanda, alikabidhiwa kitabu, akakipenda, akaamuru kiendelezwe. Sasa kiandikwe kuhusu mataifa yote ambayo Wamongoli wamekutana nayo. Hapo ndipo kazi ilipokuwa kubwa kweli. Tabriz ya wakati ule ilikuwa mji wa biashara ambapo mtu wa China, wa India, wa Misri na wa Genoa wanaweza kukutana katika soko moja. Rashid al-Din aliutumia mji huo ipasavyo. Kwa habari za China aliwatumia wasomi wawili wa Kichina waliokuja na vitabu vyao. Kwa habari za India na dini ya Budha alimtumia mtawa kutoka Kashmir aliyeitwa Kamalashri. Zikaandikwa habari za Mitume, za Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) na Makhalifa, za wafalme wa Uajemi, za Waturuki, za Wachina, za Bani Israil, za Wafaranji na Mapapa wao, na za Wahindi. Kazi hiyo ilikuwa imefika mwisho kufikia yapata mwaka 1310.

Ni jambo la kuzingatia kuwa hakuandika habari za makafiri ili kuwatukana. Alieleza kwamba kila watu wana namna yao ya kujisimulia, na kazi ya mwandishi wa tarikh ni kuichukua habari kutoka kwa wenyewe. Mwalimu yeyote wa historia leo angekubali msingi huo. Kwa Muislamu wa karne ya 14 kuushika na kuutekeleza, tena akiwa na kazi ya uwaziri, si jambo dogo. Inasimuliwa kwamba muda wake wa kuandika ulikuwa baina ya swala ya alfajiri na kuchomoza jua, maana baada ya hapo mchana wote ni wa serikali.

Haki inataka pia tuseme kwamba alikuwepo mtu mmoja, Abu'l-Qasim Kashani, mwandishi wa tarikh ya Öljeitü, aliyedai kwamba kazi hiyo ni yake, na kwamba waziri alijichukulia jina na malipo. Watafiti wamelijadili dai hilo kwa muda mrefu. Bila shaka Rashid al-Din alikuwa na wasaidizi wengi, na pengine Kashani alikuwa mmoja wao. Waziri mwenye shughuli zile hawezi kusoma peke yake vitabu vya lugha zote zile. Lakini mpango wa kitabu na fikra ya kukifanya ni vyake. Na tusimfanye malaika: alikuwa tajiri kupita kiasi, na wanawe kadhaa walipewa mikoa kuitawala. Maadui hawakukosa la kusema.

Sasa tufike katika jambo lililonifanya niandike makala hii.

Upande wa kaskazini mashariki wa Tabriz, Rashid al-Din alijenga kitongoji kizima kikaitwa Rab'-i Rashidi. Palikuwa na msikiti, madrasa, hospitali iliyokuwa pia inafundisha tiba, nyumba ya masufi, nyumba ya wasafiri, maktaba, na kaburi aliloandaa azikwe mwenyewe. Palikuwa na mafundi wa karatasi, waandishi wa khati, wachoraji na wenye kujalidi. Mwaka 1309 (709 Hijria) aliandika hati ya wakfu ya mahali hapo, na sehemu ya hati hiyo aliiandika kwa mkono wake. Ni hati ndefu. Imetaja mashamba, bustani na mali nyingine ambazo mapato yake yataendesha kitongoji. Imetaja mshahara wa imamu, wa muadhini, wa mwalimu na wa tabibu. Imetaja chakula cha yatima wanaosomeshwa Qur'an. Imetaja pia watumwa waliowekwa pamoja na mali, na hilo nalo tulisome kama lilivyo.

Baadaye akaongeza masharti kuhusu vitabu. Rashid al-Din alikuwa anaishi katika kizazi kilichozaliwa wakati wa kuanguka Baghdad. Alijua kuwa kitabu chenye nakala moja, katika maktaba moja, ni kitabu kinachosubiri moto. Hivyo alichukua kila tahadhari ambayo mtu wa zama za kabla ya uchapaji angeweza kuichukua. Alichoandika kwa Kiajemi alikitia katika Kiarabu, na alichoandika kwa Kiarabu alikitia katika Kiajemi. Aliwaazima wanazuoni na marafiki nakala na kuwapa ruhusa wanakili. Aliweka nakala kamili katika maktaba ya Rab'-i Rashidi. Kisha akaagiza kwamba kila mwaka, kutokana na mapato ya wakfu, zinakiliwe nakala za Qur'an na za hadithi, na pia nakala za vitabu vyake, moja kwa Kiarabu na moja kwa Kiajemi, juu ya karatasi nzuri na kubwa ya Baghdad, kwa khati safi, na zisahihishwe kwa kulinganishwa na asili. Nakala ikikamilika ipelekwe msikitini, iwekwe baina ya mimbari na mihrabu, isomwe dua kwa ajili ya mwenye wakfu, na baada ya hapo ipelekwe katika mji mmojawapo wa Kiislamu ikae huko wanafunzi waisome. Mwaka huu mji huu, mwaka ujao mji mwingine. Kwa hesabu hiyo, lau wakfu ungedumu miaka 100, pasingekuwa na mji mkubwa wa Uajemi na Iraq usiokuwa na Jami' al-Tawarikh.

Haukudumu hata miaka 10 kwa amani.

Mwenzake wa kwanza katika uwaziri, Savaji, aliuawa mwaka 1312, na wapo waliosema Rashid al-Din hakuwa mbali na kisa hicho. Nafasi ikachukuliwa na Taj al-Din Ali Shah, mfanyabiashara wa vito na nguo aliyejua kuwafurahisha wakubwa. Wawili hawa hawakupatana hata siku moja. Ilifika mahali sultani akawagawia nchi, kila mmoja na upande wake, ili tu wasigombane. Öljeitü alipofariki Desemba 1316 na mtoto wake Abu Sa'id, mvulana wa miaka 12 hivi, akawekwa katika kiti, Ali Shah aliona njia imefunguka. Mwaka 1317 Rashid al-Din aliondolewa. Alikuwa mzee wa miaka 70 na angeachwa Tabriz na vitabu vyake huenda angefia kitandani. Lakini Amiri Chupan, aliyekuwa mwenye nguvu katika dola, akamtaka arudi, na baada ya kukataa akakubali. Hapo Ali Shah na watu wake wakaleta tuhuma nzito: kwamba marehemu sultani alikufa kwa sumu, mtoaji dawa akiwa Rashid al-Din na mnyweshaji akiwa mwanawe Ibrahim.

Julai 1318 (Jumada al-Awwal 718) hukumu ilitekelezwa karibu na Tabriz. Kwanza aliuawa Ibrahim, kijana wa miaka 16, baba yake akitazama. Kisha baba akakatwa vipande viwili kiunoni. Kichwa chake kilizungushwa Tabriz siku kadhaa huku watu wakinadi kuwa hiki ni kichwa cha Yahudi aliyelichezea neno la Mwenyezi Mungu. Rab'-i Rashidi ikaporwa na mali zake zikataifishwa, za wakfu na zisizo za wakfu.

Hapa nitasema langu. Mtu huyu alikuwa na miaka karibu 40 katika Uislamu. Amejenga msikiti, amesomesha mayatima, ameweka wakfu Qur'an inakiliwe kila mwaka. Siku ya kufa kwake hayo yote yalifutwa, ikabaki nasaba ya babu yake. Waliopiga kelele barabarani walikuwa Waislamu, katika mji wa Kiislamu, na hapana shaka wengi wao walikuwa wameswali katika msikiti wake au kutibiwa katika hospitali yake. Dini yetu inafundisha kwamba shahada inafuta yaliyopita, na Masahaba wenyewe walikuwemo waliotoka katika Uyahudi, kama Abdullah bin Salam. Kama alikuwa na kosa la uwaziri, basi ahukumiwe kwa kosa la uwaziri. Kumrudisha mtu katika kabila la babu yake baada ya kuingia katika Uislamu ni ujahili, hata ukifanywa kwa takbira.

Na haikuishia hapo. Wauaji wake walijuta, maana dola ilidhoofika bila yeye. Mwaka 1327 Abu Sa'id, sasa amekuwa mtu mzima, alimpa uwaziri Ghiyath al-Din Muhammad, mtoto wa Rashid al-Din, aliyesifiwa kwa elimu na upole. Mwaka huo huo Ibn Battuta alipita Baghdad akawaona sultani na waziri huyu wakiwa ndani ya chombo katika mto Tigris. Huyu ni Ibn Battuta yule yule ambaye miaka minne baadaye alifika Mombasa na Kilwa na kutuachia habari za babu zetu. Alipomtaja Ghiyath al-Din hakuacha kueleza kwamba baba yake alitokana na Mayahudi wahamiaji. Ghiyath al-Din alikuwa Muislamu tangu kuzaliwa, na bado jina lilikuwa likimfuata. Aliifufua Rab'-i Rashidi na kuendeleza kazi ya vitabu, lakini Abu Sa'id alifariki mwaka 1335 bila mrithi, na mwaka uliofuata Ghiyath al-Din akauawa katika vita vya kugombea kiti. Kitongoji kikaporwa mara ya pili. Karibu na mwisho wa karne hiyo, Miranshah, mtoto wa Timur aliyekuwa mtawala wa Tabriz, aliamuru mifupa ya Rashid al-Din ifukuliwe kaburini na kuzikwa katika makaburi ya Mayahudi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Shah Abbas alijenga ngome ya vita juu ya magofu.

Vitabu je? Nakala mbili maarufu za Kiajemi, moja ya mwaka 1314 na nyingine ya 1317, zilitoka Tabriz na kufika Herat katika maktaba ya Shahrukh, mtoto mwingine wa Timur, ambaye tofauti na nduguye alivithamini vitabu vya mzee huyu. Moja ilikuwa imepotea sehemu yake, akamwamuru mwandishi wake Hafiz-i Abru aijazie. Hatimaye zote mbili ziliingia katika hazina ya masultani wa Uthmaniya na zimo Istanbul, katika kasri la Topkapi, hadi leo. Hizi zilipata bahati.

Nakala ya Kiarabu ndiyo yenye safari ya kusikitisha. Ilinakiliwa pale Rab'-i Rashidi, na sehemu yake moja ina tarehe ya mwaka 714 Hijria, yaani 1314 hadi 1315, mwandishi wake bado yu hai na bado ni waziri. Ni kitabu cha karatasi kubwa, urefu wake unazidi sentimita 40, kila ukurasa una mistari 35 ya khati na picha za rangi zilizochorwa kwa athari ya Kichina. Miongoni mwa picha hizo zimo zinazoonyesha matukio ya maisha ya Mitume, na hata ya Mtume wetu (s.a.w.). Wanazuoni wetu wengi wamelikataza jambo hilo na mimi simtetei mchoraji wa Tabriz. Ninalitaja kwa kuwa limo, na kwa kuwa baadhi ya watu hukisikia kitabu hiki kwa picha hizo tu na kudhani hakina kingine.

Nakala hii nayo ilikuwa Herat katika karne ya 15, kisha ikafika India katika maktaba ya mfalme Akbar wa Wamughal, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605. Akbar alijihesabu kuwa wa ukoo wa Timur na aliitukuza kazi ya Rashid al-Din kiasi kwamba mwaka 1596 wachoraji wake walimtengenezea nakala mpya ya Kiajemi ya sehemu ya Wamongoli. Lakini dola ya Wamughal nayo iliporomoka. Katika karne ya 18 nakala ya Kiarabu ilipasuliwa, na kila kipande kikaenda kwa mwenyewe.

Ndipo wakaja Waingereza wa Kampuni ya East India. Kipande kikubwa kilimwangukia Kanali John Baillie, aliyekuwa mwalimu wa Kiarabu na Kiajemi Calcutta na baadaye mwakilishi wa Kampuni katika mji wa Lucknow. Alifariki mwaka 1833, na mwaka 1876 mjukuu wake aliutunuku Chuo Kikuu cha Edinburgh vitabu vyake. Kipande kidogo alikipata afisa mwingine wa Kampuni, John Staples Harriott, kabla ya mwaka 1813. Kikapita kwa Meja Jenerali Thomas Gordon, naye akakiacha kwa Royal Asiatic Society ya London mwaka 1841. Wasomi wawili, Duncan Forbes na William Morley, ndio waliogundua miaka ile ya mwisho wa 1830 kuwa vipande hivyo ni vya kitabu kimoja. Havikuunganishwa.

Mwaka 1980 Royal Asiatic Society ilikipeleka kipande chake mnadani Sotheby's, London. Kiliuzwa pauni 850,000, bei ambayo wakati ule ilitajwa kuwa kubwa kuliko iliyowahi kulipwa kwa kitabu chochote cha mkono cha zama zile. Mnunuzi alikuwa taasisi moja ya Geneva, na mwaka 1990 kikaingia katika mkusanyiko wa Nasser Khalili.

Kila mwenye kusoma fiqhi anajua kuwa wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi. Kitabu hiki kilitoka katika nyumba ya wakfu, na kimetolewa zawadi, kimerithiwa na kimeuzwa. Ni rahisi kuwanyooshea kidole maafisa wa Kampuni, na wanastahili, kwani walivikusanya vitabu vya Waislamu wa India huku wakiwanyang'anya dola yao. Lakini walipokiona kitabu hiki kilikuwa kimeshapasuliwa, na waliopora Rab'-i Rashidi mara mbili hawakuwa Waingereza. Aliyeivunja ile wakfu mara ya kwanza ni waziri Muislamu kwa chuki ya cheo, na wa mara ya pili ni majemadari Waislamu. Sisi tunaosoma kila mara habari za nyumba na viwanja vya wakfu vilivyobadilishwa hati katika miji yetu hatuna haja ya kuelezwa hutokeaje. Ali Shah mwenyewe alifariki mwaka 1324, kitandani, na wanahistoria wanamtaja kama waziri wa kwanza wa dola ile kufa kifo cha kawaida.

Vitabu vingi vya Rashid al-Din havipo tena, pamoja na tahadhari zote alizochukua. Hati ya wakfu yenyewe imebaki. Ipo Tabriz, katika maktaba kuu ya mji, na mwaka 2007 UNESCO iliiorodhesha katika Kumbukumbu ya Dunia. Maandishi ya mkono wake yanasomeka: mashamba, mishahara, yatima. Kipande cha Edinburgh kina karatasi 151 na picha 70. Kipande cha Khalili kina karatasi 59. Vikiwekwa pamoja, inakadiriwa ni kiasi cha nusu ya kitabu kilichotoka Rab'-i Rashidi. Nusu ya pili haijaonekana popote.